Mjusi Anatazama Wapi

Ninyi vijana mnaokaa sasa kwenye meza ya waamuzi mmewahi kuniuliza kwa nini watu wazima wa uwanjani kwetu, wachezaji wawili wanapong'ang'ania mpira na filimbi ikalia, hawaulizi mpira ni wa nani. Wanauliza mjusi anatazama wapi. Niliwajibu kwamba ni hadithi ndefu, nikainama kufunga viatu. Sasa nimestaafu, viatu vinaning'inia nyuma ya mlango, na nikiipima upya hadithi yenyewe naona si ndefu kiasi hicho.

Nilianza kuchezesha mpira wa kikapu katikati ya miaka ya tisini. Asubuhi nilifundisha jiografia, jioni nilivaa fulana ya kijivu. Uwanja wetu ulikuwa sakafu ya saruji upande wa Ufukoni, na upepo wa bahari ulikuwa mwenyeji kuliko sisi. Ulileta mchanga mwembamba ambao mchezaji hauoni mpaka awe ameshateleza. Chumvi ilizitafuna ringi polepole. Ukipiga mpira ukagonga chuma, vumbi jekundu la kutu lilidondoka kama unga wa pilipili. Kazi yangu ya kwanza kama refa haikuwa kupuliza filimbi. Ilikuwa kufagia.

Aliyenipa ufagio ndiye aliyenipa filimbi: Mwalimu Likwata, mtu mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kunong'ona ambayo ilisikika hadi kwenye mikorosho ng'ambo ya barabara. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya ukuta, akachora kwa chaki mstari ulionyooka kwenda juu, akanipa mpira.

"Rusha. Upande nao, ushuke nao."

Nilirusha. Mpira ukaegemea kulia.

"Umeshatoa hukumu," alisema. "Mechi haijaanza na wewe umeshachagua mshindi. Rusha tena."

Wiki nzima nilirusha mpira mbele ya ule ukuta. Enzi hizo kurusha ndiyo ilikuwa roho ya kazi. Mechi ilianza kwa jampuboli, na kila wachezaji wawili waliposhika mpira pamoja, hakuna anayeachia, wale wale wawili walisimamishwa ndani ya duara, refa akarusha katikati yao, wakaruka. Ilionekana haki kabisa. Haki hiyo ilidumu mpaka alipotokea Chilumba.

Chilumba alikuwa kijana kutoka Ziwani, mrefu kiasi kwamba akiingia darasani aliinamia mlango kwa heshima ambayo haikuwa heshima. Mpira hakuujua sana. Ila aligundua kwamba hahitaji kuujua. Alimkimbilia mwenye mpira, akaweka mikono yake miwili juu ya mpira, akang'ang'ania, akasubiri filimbi. Baada ya hapo ilikuwa kuruka, na katika kuruka hakuwa na mshindani. Nakumbuka kijana mmoja wa Mikindani, mfupi, mwepisi kama panzi, aliyemnyang'anya mtu mpira kwa ufundi, kisha Chilumba akaung'ang'ania ukiwa bado mikononi mwa kijana. Nikawaita duarani. Kijana akatazama juu, akanigeukia.

"Refa, hapa nirukie nini, mbingu?"

Watu walicheka, nami nikarusha mpira ulionyooka kabisa, kama mstari wa chaki, na Chilumba akauchukua bila hata kunyanyua visigino. Usiku ule nilimuuliza Mwalimu Likwata kama kurusha vizuri kunatosha. Alisema kazi ya refa ni mpira, urefu wa watu aulizwe Muumba.

Kanuni mpya ilitufikia karibu na wakati daraja la Rufiji lilipofunguliwa, na nadhani vilisafiri pamoja. Kabla ya daraja, masika ilikata barabara, na mambo ya Dar es Salaam yalitufikia yakiwa yameshachakaa. Safari hii kitabu cha kanuni kilifika kikiwa bado na harufu ya karatasi. Ndani yake kulikuwa na jambo lililomkasirisha Mwalimu Likwata hata akavua miwani. Jampuboli ilibaki moja tu, ya kuanzia mechi. Baada ya hapo, mpira ukishikwa na wawili, hakuna kuruka. Timu zinapokezana: leo wewe, kesho mwenzako. Mezani kunakaa mshale, na mshale unaelekea kwenye kikapu ambacho timu yenye zamu inakishambulia.

"Refa amebaki na kazi gani sasa?" aliuliza Mwalimu Likwata. "Kutazama ubao?"

Mshale hatukuwa nao. Nilikwenda kwa fundi mchongaji, Mmakonde wa kutoka bara ya Nanyamba, nikamwomba atuchongee mshale wa mpingo, urefu wa mkono, wenye kitako cha kusimamia. Nilimchorea kwenye mchanga. Alitazama mchoro wangu kwa muda mrefu, kama daktari anayetazama kidonda.

"Mshale mtupu si kazi ya kuleta kwa fundi," alisema. "Hii hata mpasua kuni anaweza."

Niliporudi kuuchukua, nilikabidhiwa mjusi. Alikuwa mjusi mzuri, mweusi, kichwa kimechongoka, mkia umenyooka, tumbo limelala kwenye kitako chake, macho mawili madogo ya mfupa. Fundi alieleza kwamba kichwa ndiyo ncha. Niliondoka naye kwapani, na tangu siku ile, katika uwanja wetu, kanuni ya kupokezana umiliki haikuwahi kuitwa jina lake la kitabuni.

Sasa niseme kuhusu Somoe, maana bila yeye mjusi angebaki pambo. Somoe alikuwa karani wa shule, mwanamke wa maneno machache, mkono wake wa kushoto ukiwa daima juu ya meza kama uliowekwa dhamana. Nilimfundisha kuandika alama. Mambo ya mjusi alijifundisha mwenyewe. Aliuliza maswali ambayo mimi sikuwa nimefikiria kuyauliza. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mwalimu, mjusi anageuzwa lini? Refa anapotoa ishara, au mchezaji anaporusha, au mpira unapopokelewa?"

Nilisoma tena kitabu. Anageuzwa zamu inapokwisha, na zamu inakwisha mpira uliorushwa ndani unapoguswa na mchezaji aliye uwanjani. Si kabla. Mrushaji akikosea mwenyewe, akakanyaga mstari au akachelewa kuachia, zamu yake imepotea, mjusi anageuzwa. Lakini ikipigwa faulo kabla mpira haujaguswa, ya timu yoyote ile, zamu haijatumika, na mjusi anabaki palepale. Somoe aliyarudia maneno hayo kwa sauti ndogo, mara moja, na sikuwahi kulazimika kumwambia tena.

Alitaka filimbi. Hilo alinieleza siku moja tukifagia mchanga, bila kuacha kufagia. Hakutaka kumalizia miaka mezani. Alitaka kusimama katikati na kuamua. Kozi ya waamuzi ilikuwa inakuja Dar es Salaam, na chama cha mkoa kingepeleka mtu mmoja. Jina lake lilikuwa limependekezwa.

Tatizo lilikuwa mdogo wake. Shaibu alikuwa nahodha wa Mikoroshoni, timu iliyoanzishwa na vijana wa Nanyamba waliokuja mjini kusoma. Na wapinzani wao, Pweza wa Ufukoni, walifundishwa na Kocha Akbar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mikindani, mtu mkarimu aliyetupa rangi ya kuchorea mistari na aliyeamini kwamba rangi hiyo ilimpa haki ya kuizungumzia. Kabla ya fainali alikwenda kwa viongozi wa chama akasema hana ugomvi na dada Somoe, ila dada anayeshika mjusi mdogo wake anapocheza ni jambo la kutazamwa. Viongozi walilitazama kwa njia ya viongozi. Wakaamua Somoe akae mezani, na kama baada ya fainali kungekuwa na rufaa yoyote kuhusu mjusi, kutoka upande wowote, kozi angekwenda mtu mwingine.

Nilimpelekea uamuzi huo mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Upande wowote?"

"Upande wowote."

"Hata wakikosea wao kuelewa?"

"Hawakusema kuhusu kuelewa," nilijibu.

Siku ya fainali watu walijaa mpaka kwenye kingo za saruji. Mwalimu Likwata, aliyekuwa ameshaacha filimbi, aliketi kwenye kiti chake cha kukunja karibu na meza, uso wake umekunjwa kuliko kiti. Nilirusha mpira wa kuanzia, ulionyooka. Pweza waliupata, kwa hiyo zamu ya kwanza ya mjusi ikawa ya Mikoroshoni. Hivyo ndivyo inavyokwenda: aliyekosa mpira wa kwanza ndiye anayesubiriwa na mjusi. Kila robo baada ya ya kwanza nayo huanza kwa zamu ya mjusi. Robo ya pili Mikoroshoni walianza na mpira, ukaguswa, Somoe akamgeuza mjusi, akawa wa Pweza. Mpaka hapo palikuwa na amani.

Mapumziko yalileta kelele ya kwanza. Timu zinapobadilishana vikapu, mjusi lazima ageuzwe, kwa sababu anatazama kikapu, hatazami watu. Somoe alimgeuza, na kwa kuwa hapakuwa na mpira wowote unaochezwa, watu waliona jambo lisiloelezeka.

"Mbona anangeuza njusi hakuna npira?" aliuliza mwanamke mmoja mwenye kanga ya zambarau, kwa lafudhi yetu ya bara.

"Amechoka kutazama baharini," mtu akamjibu.

Kilichozidisha mkanganyiko ni mabenchi. Kipindi cha kwanza kila timu ilishambulia kikapu cha mbali na benchi lake. Cha pili, kile kilicho karibu nalo. Kwa hiyo mjusi wa Pweza, aliyekuwa ameligeuzia benchi la Pweza mkia, sasa alilielekezea pua. Nusu ya uwanja ikasema Pweza wamenyang'anywa. Nusu nyingine ikasema wamependelewa. Mjusi alikuwa wa Pweza muda wote. Niliwaeleza wachache walio karibu, nikaacha wengine waendelee kufurahi.

Robo ya tatu Pweza walianza na mpira, mjusi akageuka akawa wa Mikoroshoni. Robo ya nne ndiyo iliyobeba mambo. Shaibu alisimama nje ya mstari wa kati kurusha mpira wa kuanzia. Mpira ukiwa bado mikononi mwake, mchezaji wa Pweza alimsukuma mchezaji wa Mikoroshoni aliyekuwa akijiandaa kupokea. Nikapuliza: faulo. Mikoroshoni wakapewa mpira wa kurusha, safari hii kwa sababu ya faulo, mchezo ukaendelea. Nilitupa jicho mezani. Mkono wa Somoe ulikuwa juu ya meza, mjusi hakuwa ameguswa. Bado alikuwa wa Mikoroshoni.

Haikuchukua muda, wawili wakang'ang'ania mpira chini ya ringi. Nikainua vidole gumba vyote viwili, ishara kwamba mpira umeshikwa na wawili. Nikatazama mezani, nikaonyesha upande: Mikoroshoni.

Kocha Akbar alitembea hadi mezani taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayekuja kuulizia bei.

"Dada Somoe, mjusi wako amelala?"

"Yuko macho, kocha."

"Robo imeanza na mpira wao. Sasa tena wao. Kupokezana gani huku? Mimi nakupa, unanipa. Au kwenu mnapokezana wenyewe kwa wenyewe?"

"Faulo ilipigwa mpira haujaguswa, kocha. Zamu yao ilikuwa haijatumika."

"Walirusha."

"Ule waliourusha ulikuwa mpira wa faulo. Wa mjusi hawajaurusha." Somoe alisema hivyo bila kupandisha sauti. Kisha akaongeza, "Ukiwa kwenye foleni ya bomba, kocha, mtu akakusukuma kabla maji hayajaingia ndooni, zamu yako imekwisha?"

"Mimi bomba liko ndani, dada."

"Ndiyo maana," alisema yule mwanamke wa kanga ya zambarau, na hata benchi la Pweza likacheka.

Kocha Akbar alitabasamu, lakini hakucheka. Aliniambia, kwa sauti ya kusikika mezani, kwamba mechi ikiisha hivi atakata rufaa, na rufaa itakuwa juu ya mjusi. Nikamwambia ni haki yake. Somoe alikuwa anaandika alama. Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Shaibu akarusha. Mpira ukamgusa mwenzake kwenye viganja, na wakati huohuo, nikiwa natazama, mkono wa kushoto wa Somoe ukamgeuza mjusi. Sasa alikuwa wa Pweza. Watu wachache sana walimwona akifanya hivyo, kwa kuwa wote walikuwa wanatazama mpira. Mwalimu Likwata aliona. Nilimwona akiona.

Mwishoni Mikoroshoni waliongoza kwa pointi moja. Pweza walikuwa na mpira, sekunde zimebaki za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mshambuliaji wao aliinuka kupiga, na Shaibu akainuka naye. Katika miaka yangu yote sijaona ulinzi mzuri kuliko ule. Hakumgusa mtu. Alikutana na mpira ukiwa bado unatoka mikononi, akaushika kwa mikono miwili hewani, wakashuka wote wawili wameukumbatia, kama watu waliookota kitu kimoja. Nikapuliza. Vidole gumba viwili.

Miaka michache nyuma ningewapeleka duarani, na Shaibu, kwa urefu wake, angeuchukua mpira ule na ubingwa pamoja nao. Benchi la Mikoroshoni lilikuwa limeshaanza kurukaruka. Shaibu hakuruka. Alikuwa ametazama mezani kabla yangu.

Mjusi alitazama kikapu walichokishambulia Pweza. Somoe hakuinua mkono, hakuinua uso. Nikaonyesha upande. Pweza wakarusha, wakapasiana mara moja, wakafunga, na muda ukaisha.

Kocha Akbar alisimama katikati ya vijana wake waliokuwa wanataka kumbeba. Nilipita karibu naye.

"Rufaa vipi, kocha?"

"Rufaa ya nini," alisema. "Mjusi ni kiumbe mwaminifu."

Lakini upande wowote ulikuwa na maana ya upande wowote. Wachezaji wa Mikoroshoni walikuja mezani kwa kundi. Mmoja alisema dada mtu amemuuza ndugu yake ili aende Dar es Salaam. Mwingine alisema vibaya zaidi. Kwa kanuni, rufaa haianzi mpaka nahodha atie saini kwenye karatasi ya alama, na nahodha alikuwa Shaibu. Walimpa kalamu. Alijua vizuri saini ile ingemgharimu nani. Nanyamba nzima ilijua.

Shaibu aliinamia meza. Jasho lake lilidondoka kwenye ukingo wa karatasi, Somoe akalifuta kwa pembe ya mtandio.

"Ulimgeuza lini?" Shaibu alimuuliza.

"Mpira ulipomgusa mwenzako viganjani."

"Na ule wa kwanza, niliokuwa nao mkononi, mwenzangu aliposukumwa?"

"Hapo sikumgeuza."

"Akbar alipokuja kukusema, hukumgeuza."

"Sikumgeuza."

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Shaibu. Mwenzake mmoja akamsukuma bega, amalize.

"Kama angemgeuza kwa mpira wa kwanza, tusingepata ule wa pili," Shaibu aliwaambia, bila kugeuka. "Mlishangilia. Mimi niliwasikia mkishangilia." Akaweka kalamu juu ya meza, mahali palepale ilipokuwa, akaenda kuvua viatu.

Nyumbani kwao, nilisikia baadaye, hawakusemezana kwa siku kadhaa, isipokuwa kuhusu chumvi na ndoo. Mama yao alipika samaki akamhudumia kila mmoja kwa wakati wake. Mwalimu Likwata alibaki uwanjani siku ile mpaka tumekunja meza. Alimwinua mjusi, akampindua, akatazama tumbo lake.

"Nimerusha mipira iliyonyooka miaka yote," alisema. "Kumbe nilikuwa namrushia Chilumba." Akanirudishia mjusi. Ndilo neno pekee nililowahi kumsikia akilisema kuhusu kanuni mpya bila kuvua miwani.

Somoe alikwenda kozi. Alirudi na filimbi nyeusi na tabia ya kusimama karibu na mchezo kuliko sisi wengine. Mechi yake ya kwanza kuchezesha kama refa mkuu ilikuwa ya Mikoroshoni, kwa sababu hatukuwa na timu nyingi za kuchagua. Niliomba kukaa mezani. Mkono wangu wa kushoto niliuweka juu ya meza, kama nilivyomwona akifanya.

Katika robo ya pili Shaibu na kijana mmoja wa timu pinzani wakang'ang'ania mpira pembeni kabisa. Somoe akapuliza, akainua vidole gumba. Wenzake Shaibu walianza kulalamika, mikono juu, wengine wakimsogelea refa. Shaibu alinitazama mimi, akamtazama mjusi. Kisha akauachia mpira mikononi mwa yule kijana, akageuka, akaanza kukimbia kurudi kulinda kikapu chake, kabla Somoe hajaonyesha upande.

"Shaibu, unakwenda wapi?" kocha wake alimwita.

"Si wetu," alijibu akikimbia. "Refa anajua."

Nyumbani alikuwa anamwita dada. Uwanjani hakumwita hivyo tena.

Mjusi yupo bado, kwenye kabati la vifaa, mkia umekatika kidogo. Ninyi sasa mna mshale wa taa. Basi angalieni jambo moja. Taa ni rahisi kuibonyeza mapema, kidole kikiwa na haraka. Subirini mpira uguswe.